Wanafunzi wanazijua mbinu za kukumbuka, ila hawazitumii mpaka waambiwe. Tufanyeje?

Chaki Kavu (mleta mada)

Wadau wa elimu, salaam.

Naleta mada hii kwa walimu na wazazi, ila wanafunzi nanyi msikimbie, inawahusu kuliko mtu mwingine yeyote humu.

Karibu kila mwalimu anafundisha mbinu za kushika mambo kichwani. Kuna kuunganisha herufi za mwanzo, kutunga sentensi ya ajabu ajabu, kujichorea picha akilini, kugawa orodha ndefu mafungu mafungu, kufunga daftari na kujiuliza. Mwalimu akisimama mbele na kusema "haya, tumieni ile mbinu yetu", darasa zima linaitumia na alama zinapanda. Likija somo la mwalimu mwingine, asiyewakumbusha, utawakuta wamerudi kulekule: ukurasa mmoja unasomwa mara nne, kalamu ya rangi imepita kila mstari, na siku ya mtihani kichwani kweupe.

Jambo hili limeshachunguzwa zamani. Mwaka 1967, Keeney, Cannizzo na Flavell wa Marekani walichukua watoto wa darasa la kwanza waliokuwa hawana mazoea ya kujirudia majina ya vitu wanavyotakiwa kukumbuka. Wakawafundisha kujirudia kwa kunong'ona. Kumbukumbu ikapanda palepale, wakalingana na wenzao waliokuwa wakijirudia bila kufundishwa. Kisha watoto wakaachwa huru: ukipenda jirudie, usipopenda basi. Zaidi ya nusu waliiacha mbinu ileile iliyotoka kuwasaidia dakika chache nyuma!

John Flavell alitenganisha mambo mawili hapa. Yupo mtoto ambaye hata akiifanya mbinu haimsaidii, bado hajaifikia. Na yupo ambaye akiifanya inamsaidia sana, ila mwenyewe haianzishi. Darasani kwetu wengi ni hao wa pili, lakini tunawatibu kama wa kwanza: kila wakifeli tunawaongezea mbinu mpya.

Na msidhani ni utoto. Mwaka 2009 Karpicke, Butler na Roediger waliwauliza wanafunzi 177 wa chuo kikuu wanavyojisomea. Asilimia 84 walitaja kurudia kusoma notisi au kitabu. Waliotaja kujiuliza na kukumbuka bila kuangalia walikuwa asilimia 11.

Msimamo wangu ni huu: mwanafunzi tunampa mbinu, lakini uamuzi tunabaki nao sisi. Nani alisema leo ni siku ya kutumia sentensi ya herufi? Mwalimu. Nani aligundua orodha hii inafaa kugawanywa? Mwalimu. Mtoto amefanya kazi ya mikono tu, ile ya kichwa imefanywa na mtu mwingine. Sasa akiwa peke yake ataanzia wapi?

Kwa hiyo kinachotakiwa kufundishwa ni kuamua, na hatua ya kwanza ni mwanafunzi kuona tofauti kwenye alama zake mwenyewe. Mpe orodha mbili za maneno ya lugha ya kigeni zenye ugumu unaolingana. Ya kwanza ajifunze alivyozoea. Ya pili atumie mbinu, kwa muda uleule. Jaribio lifanyike kesho yake, si palepale. Kisha aandike alama mbili sambamba kwenye daftari lake, na wewe umuulize swali moja: unadhani tofauti hii imetoka wapi? Usimjibie. Atakwambia "labda orodha ya pili ilikuwa rahisi". Sawa, rudieni na orodha nyingine. Akisema mwenyewe kwamba ni ile picha aliyoichora akilini, hapo umepata kitu.

Nalisisitiza hili kwa sababu Pressley, Levin na Ghatala walionyesha mwaka 1984 kwamba hata watu wazima hawajui mbinu ipi inawafaa mpaka wamefanya jaribio. Watoto walihitaji zaidi ya hapo, walihitaji kuonyeshwa matokeo yao waziwazi ndipo wakachagua vizuri. Maneno ya mwalimu kwamba "hii ni nzuri" hayana nguvu kama namba aliyoandika mtoto kwa mkono wake.

Karibuni tujadili. Nina mengine kuhusu kuhamisha mbinu kutoka somo moja hadi jingine, nitayaleta kadiri tunavyoendelea.

Mama Pili

Mwalimu, umenigusa. Wangu ana ugonjwa tofauti kidogo: kajifunza ile ya herufi za mwanzo, sasa kila kitu ni herufi za mwanzo. Historia herufi, sayansi herufi, hata hatua za kugawanya kwenye hesabu kazitungia herufi. Juzi nimemkuta amekaa na karatasi imeandikwa K K K K K K K, sifa za viumbe hai. Nikamuuliza K ya tatu ni nini, hajui.

Chaki Kavu

Mama Pili, mfano wako ni dhahabu, ngoja nikae nao.

Sifa saba za viumbe hai kwa Kiswahili zote ni vitenzi: kupumua, kula, kukua, kuzaliana, kujongea, kuhisi, kutoa taka. Zote zinaanza na "ku". Herufi ya mwanzo haitofautishi chochote. Mtoto wako amefuata kanuni kama alivyopewa, ila hakuna aliyemfundisha kuuliza: je, herufi hii inanirudisha kwenye neno langu au hainirudishi?

Darasani kwangu kuna kijana alikwama hapohapo. Sikumwambia la kufanya, nilimuuliza tu "kipi kwenye maneno haya hakifanani?" Akakata "ku" zote. Zikabaki pumua, la, kua, zaliana, jongea, hisi, toa taka. Akachukua silabi ya mwanzo ya kila moja: pu, la, ku, za, jo, hi, to. Kisha akasema mwenyewe kwamba sifa hizi hazina mpangilio wa lazima, kwa hiyo anaweza kuzipanga anavyotaka. Alizipangua na kuzipanga mpaka akapata "Hila za Kujo, puto". Kujo akawa mtu mjanja mwenye puto mkononi. Hi-la-za-ku-jo-pu-to: hisi, la, zaliana, kua, jongea, pumua, toa taka. Zote saba zimo.

Tazama maamuzi aliyofanya. Kwamba herufi moja haitoshi, atumie silabi. Kwamba kiambishi hakina kazi, akitupe. Kwamba mpangilio si lazima. Ingekuwa sayari kutoka kwenye jua, asingeruhusiwa kupangua, na hapo angekutana na Zebaki, Zuhura na baadaye Zohali, Z tatu! Angelazimika kutafuta njia ya kuzitenganisha. Kifupisho chenyewe kitasahaulika akimaliza mada, lakini maamuzi yale anatembea nayo.

Kwa binti yako, mwambie kila akitunga kifupisho akifunike, anywe maji, arudi, ajaribu kukifumbua. Kikigoma kufumbuka hakifai, atunge kingine. Kipimo hicho anaweza kukitumia bila wewe.

Nondo Nzito

Mkuu, kwa heshima zote, naona hapa tunarudi kwenye kukaririsha. Mtoto anajua "Hila za Kujo" halafu hajui kwa nini mmea ni kiumbe hai. Elimu yetu tatizo lake ni kukariri, wewe unaleta njia bora ya kukariri.

Chaki Kavu

Nondo, hoja yako ina uzito na sitaipita juu juu.

Kwanza, yapo mambo ambayo hayana "kwa nini" ya kuelewa: jina la kitu, tarehe, alama ya elementi, neno la kigeni. Hapo mbinu ya kukumbuka inafaa kabisa. Mwaka 1975 Atkinson na Raugh waliwafundisha wanafunzi maneno ya Kirusi kwa kutumia neno-daraja, yaani neno la lugha yako linalofanana sauti na lile geni, kisha unaunganisha kwa picha. Waliotumia njia hiyo walikumbuka asilimia 72, wengine 46. Kwa Kiswahili tunaweza kufanya vivyo hivyo: Kijerumani mbwa ni Hund, nawe unamwona mbwa ameng'ata hundi ya benki. Hakuna cha kuelewa zaidi pale, ni kushika tu.

Pili, yapo mambo ambayo ukiyatungia kifupisho umejidanganya. Kwa nini mmea ni kiumbe hai, kwa nini damu inapita kwenye mapafu kabla ya kusambazwa mwilini, kwa nini vita fulani vilianza. Hapa mbinu ni nyingine: kujiuliza "kwa nini" kila baada ya aya, na kumweleza mtu bila kitabu. Mwaka 2013 Dunlosky na wenzake walipima mbinu kumi za kujisomea. Kupaka rangi mistari, kusoma tena na tena, hata neno-daraja nililolisifia hapo juu, vyote waliviweka daraja la chini kwa matumizi ya jumla. Daraja la juu zilikaa mbili tu: kujipa majaribio, na kutawanya kujisomea kwa siku tofauti badala ya kurundika usiku mmoja.

Hiyo haina maana neno-daraja ni baya. Lina eneo lake dogo na humo linafanya kazi. Mwanafunzi anayejua mipaka ya mbinu ndiye ninayemtafuta, Nondo, na nadhani wewe pia unamtafuta huyohuyo.

Nondo Nzito

Hapo kwenye mipaka tumekutana. Swali sasa: si ukimfundisha mtoto mbinu moja vizuri kwenye somo moja, akaizoea, kumbukumbu yake yote inaimarika? Kama misuli. Akishakuwa na nguvu ananyanyua chochote.

Chaki Kavu

Watu wengi wanaamini hivyo, na kuna mtu mmoja ambaye kisa chake kinaikanusha imani hiyo moja kwa moja.

Chase na Ericsson walifanya kazi na mwanafunzi mmoja wa chuo, Steve Faloon, ripoti ikatoka mwaka 1980. Alianza akikumbuka tarakimu kama 7 akisomewa mara moja, sawa na mtu yeyote. Akafanya mazoezi zaidi ya saa 230 katika miezi ishirini hivi. Akafika tarakimu 79. Siri yake: alikuwa mkimbiaji, akawa anazigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio. 3492 anaisikia kama dakika 3 na sekunde 49.2, muda mzuri kabisa wa kukimbia maili moja.

Kisha wakampa herufi badala ya tarakimu. Akarudi 6.

Herufi si muda wa mbio, kwa hiyo mbinu haikuwa na pa kushika. Na huyo ni mtu aliyefanya mazoezi kuliko mwanafunzi yeyote tuliye naye. Mbinu haihami yenyewe. Ndiyo maana nasema mwalimu wa sayansi akifundisha kugawa orodha mafungu, asisubiri mtoto agundue mwenyewe kwamba inafaa pia kwenye jiografia. Aulize waziwazi kabla kipindi hakijaisha: wapi kwingine wiki hii mtakutana na orodha ndefu kama hii? Watoto wataje wenyewe. Na aulize pia: wapi haitafaa? Swali hili la pili linaachwa sana, na kwangu ndilo linalofundisha zaidi.

Bi. Insha

Nafundisha lugha, naomba niongeze tunavyofanya sisi, maana tulikaa walimu wa masomo tofauti tukakubaliana jambo moja: kutumia maneno yaleyale. Zamani mimi nasema "jikumbushe", mwenzangu wa sayansi anasema "jipime", wa hesabu anasema "fanya bila mfano". Mtoto anaona mambo matatu. Sasa sote tunasema "funga ujiulize". Ajabu jinsi kitu kidogo kama hicho kilivyosaidia watoto kutambua kwamba ni mbinu ileile.

Kitu cha pili: juu ya kila kazi mwanafunzi anaandika mistari miwili kabla ya kuanza. "Kazi hii inataka nitoe nini?" na "Nitatumia njia gani?" Baada ya kusahihishiwa anaandika wa tatu: "Imenisaidia?" Mwanzoni nawaandikia mimi maswali hayo ubaoni. Baadaye naandika neno moja tu, "Kabla". Mwishoni siandiki kitu, natembea tu kati ya madawati naangalia nani ameyaandika bila kuambiwa. Wasioandika nawauliza kwa sauti ya chini. Ubao ukishakuwa mtupu ndipo unajua nani anajitegemea.

Majibu ya ule mstari wa kwanza yananifundisha mengi. Wengi mwanzo huandika "inataka nisome sura ya nne". Hiyo si kutoa, hiyo ni kufanya. Narudisha: siku ya mwisho utatakiwa kutoa nini mdomoni au kwenye karatasi? Orodha? Hatua kwa mpangilio? Maana ya maneno? Maelezo ya sababu? Akishajibu hilo, mbinu inajichagua yenyewe nusu.

Chaki Kavu

Bi. Insha, shikamoo. Hilo la kufuta ubao kidogo kidogo lichukuliwe na kila mwalimu anayepita kwenye uzi huu. Walimu wengi huwa wanasaidia kwa nguvu mwezi mzima halafu wanakata siku moja.

Msomaji Mdogo

Mimi ni mwanafunzi. Shikamooni walimu. Tatizo langu ni kwamba nikimaliza kusoma najiona nimeelewa kabisa, hata mtu akiniuliza najibu. Sasa nitajuaje nahitaji mbinu wakati naona ninajua? Mtihani ndio unaniumbua.

Bi. Insha

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali ambalo watu wazima wengi hawaliulizi.

Ukijipima ukiwa umetoka kusoma, bado maneno yanaelea juu juu, ni lazima utajiona unajua. Nelson na Dunlosky walionyesha mwaka 1991 kwamba mtu akiahirisha kidogo kujipima, akapitisha mambo mengine kwanza, makadirio yake ya kile anachojua yanakuwa sahihi zaidi kwa mbali. Kwa hiyo usijiulize "nimeelewa?" ukiwa na kitabu mkononi. Fanya kazi ya somo jingine, kisha chukua karatasi tupu uandike unachokumbuka. Karatasi itakuambia ukweli.

Na kuna jaribio la Roediger na Karpicke la mwaka 2006 ambalo huwa nawasomea wanafunzi wangu. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu kukikumbuka mara tatu bila kukiona. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walibaki na 40, wenzao 61. Unaona kwa nini unajidanganya? Dakika tano za kwanza zinakupa jibu lililo kinyume na la wiki ijayo, na mtihani wako uko wiki ijayo.

Msomaji Mdogo

Asante sana mwalimu. Kwa hiyo nikishindwa kukumbuka kwenye ile karatasi tupu si kwamba sina akili?

Bi. Insha

Hapana kabisa. Kule kuhangaika kulitafuta ndiko kunakolifanya likae. Usikimbilie kufungua kitabu, jipe muda kidogo, ndipo ufungue usahihishe. Kusahihisha ni lazima, usije ukashika kosa.

Ndugu Wa Tatu

Na wale wenye ugumu wa kujifunza? Nina mdogo wangu, ukimwambia atunge picha yake mwenyewe anakaa tu.

Chaki Kavu

Ndugu, kwa watoto hao Mastropieri na Scruggs wamefanya kazi ya miaka mingi, na ni miongoni mwa wanaofaidika sana na mbinu hizi. Ila kutunga wenyewe kunawachukua muda mrefu na mara nyingi picha wanayopata ni dhaifu. Mpe picha iliyo tayari, hata iliyochorwa kwenye karatasi. Uhuru wake uanzie mahali pengine: achague kati ya picha mbili ulizomletea, au aamue siku ya kujiuliza tena. Kutunga kutakuja baadaye, na kama kutachelewa, hayo mengine bado ni maamuzi yake.

Mama Pili

Nimerudi. Nimejaribu kumuuliza "kazi hii inataka utoe nini?" Kaniangalia, kasema "mama niambie tu nifanyeje". Nimeuliza mara ya pili, analia. Nafanyaje hapo?

Chaki Kavu

Pole mama. Usimwambie, ila pia usimwachie swali pana kiasi hicho leo. Mpe mawili ya kuchagua: "utachora hatua zake au utanieleza mimi bila daftari?" Akichagua, muulize kwa nini hiyo. Jibu lolote lipokee, hata likiwa "nimependa tu". Akimaliza ajipime, na kama chaguo halikumsaidia, mwache alione mwenyewe na kujaribu lile jingine. Wewe kazi yako ni kukaa karibu na kunyamaza, na najua ni kazi ngumu kwa mzazi.

Mama Pili

Nimekuelewa. Ana jaribio la jiografia kesho asubuhi, naanza nalo usiku huu?

Chaki Kavu

La kesho mama liache lilivyo. Leo afunge daftari ajiulize mara mbili, alale mapema. Anza na jaribio litakalofuata, akipewa tarehe tu, siku hiyohiyo kaeni naye apange mwenyewe siku zake za kujiuliza, na kalenda ajaze yeye.